Chungu cha Kulwa

Nimefundisha historia miaka thelathini na minne katika shule za Maswa na Bariadi, na kila mwaka mada ya kwanza ya kidato cha kwanza ilikuwa ile ile: vyanzo vya historia. Masimulizi ya mdomo yana kasoro hizi, maandishi yana ubora huu, mabaki ya kale yanasaidia hivi. Andikeni, mtihani unakuja. Ninayasema haya mapema ili mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani. Habari ni ya Elizabeth, mpishi wa shule niliyofundisha kwa muda mrefu, lakini kosa lililomo ni langu kwa sehemu kubwa, na sitaki mlikute katikati ya njia mkadhani nilikuwa nalificha.

Elizabeth alizaliwa Nkololo mwaka 1959. Walizaliwa wawili, wasichana, na mama yao akafa siku ya tatu. Kwetu usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hakuna cha kuchagua. Kulwa hakumaliza mwezi. Doto akapelekwa misheni, akanyweshwa maziwa ya kopo, akabatizwa, akawa Elizabeth. Misheni yenyewe sitaitaja, maana waliopo leo hawana kosa, na walionifungulia kabati lao walinitendea wema.

Alikaa kwa masista hadi miaka kumi. Huko ndiko alikoambiwa habari ya kuzaliwa kwake, na aliambiwa mara nyingi, kama watoto wengine wanavyosimuliwa hadithi ya sungura. Kwamba bibi yake mzaa baba, Nyanjige, alikuwa mtu wa mizimu. Kwamba wapagani waliogopa pacha. Kwamba huyo bibi alimtia Kulwa ndani ya chungu angali hai, akamfukia nyuma ya nyumba huku watu wakiimba nyimbo za matusi, na yeye Elizabeth akanyakuliwa kabla zamu yake haijafika. Baadaye misheni ilipotimiza miaka kadhaa wakatoa kijitabu cha Kiswahili chenye historia yao, na habari hiyo ikawa ukurasa wa kumi na saba. Mimi mwenyewe nilikuwa nacho. Nilikuwa nakisoma darasani, nikiwaambia wanafunzi, "Hiki ni chanzo cha maandishi, aliyeandika alikuwepo."

Alipofika miaka kumi baba yake akaja kumchukua. Fikirieni mtoto anarudishwa kuishi mji mmoja, yaani boma moja, na mtu aliyeambiwa ni muuaji wa pacha wake. Hakula chakula kilichopikwa na Nyanjige. Hakupokea maji mkononi mwake. Bibi akimwita "Doto", haitiki, kwa sababu alikuwa Elizabeth, na kwa sababu ukisema Doto umeshamtaja Kulwa. Yule bibi hakuchoka. Kila jioni aliweka bakuli la mtama na mlenda kando ya mlango wa mjukuu, na kila asubuhi akaja kulichukua likiwa limejaa.

Mara moja tu Elizabeth alimuuliza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, bibi anapepeta mtama.

"Kulwa alikufaje?"

"Pacha hafi, mwanangu," bibi alijibu. "Aliruka."

"Alirukaje?"

"Aliruka tu."

Elizabeth aliondoka pale akiwa na hakika kamili. Mtu asiye na hatia angesema homa, angesema kuharisha, angesema chochote. Alichokuwa hajui, kwa kuwa alilelewa nje, ni kwamba katika ukoo ule neno kufa halitamkwi juu ya pacha. Ukilitamka unamvuta aliyebaki. Pacha akiondoka, huzikwa ndani ya chungu, na hakuna anayelia. Wanaimba nyimbo za pacha, zenye matusi ya kufa mtu, hata wazee wa heshima wanazitoa mdomoni, kisha wanarudi shambani. Mwiko wa kulia ni mkubwa kuliko miiko yote. Hayo mtoto wa misheni angeyajulia wapi? Na mimi, niliyezaliwa Ipililo na kukulia humu humu, sikuyajua, kwa sababu kwetu hawakuzaliwa pacha, na nilikuwa nimesoma.

Alikuja kupika shuleni kwetu akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Mwanamke mrefu, mkimya, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kugawa. Aliolewa, mume akafa kwa kifua, akabaki na binti mmoja ambaye sasa yuko Mwanza. Alikuwa akipika ugali wa watu mia nne kwa mwiko mrefu kama jembe, na siku ya maharage hakuna mwalimu aliyekwenda kula nyumbani. Mimi alinipenda bure. Aliniita Mwalimu kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka naona aibu, maana alidhani najua.

Mwaka 1986, mwezi wa tisa, ndugu yake wa baba mmoja, mama mwingine, Mayige, alikuja na baiskeli kutoka Nkololo. Bibi Nyanjige alikuwa anakata roho na anamtaka Doto. Elizabeth alinifuata ofisini na aproni yake, mikono ina unga.

"Mwalimu," alisema, "kilichoandikwa kinaweza kuwa uongo?"

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na diploma mpya. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikamwambia, kama ninavyokumbuka neno kwa neno, kwamba maandishi ya shahidi wa wakati ule yana uzito kuliko maneno ya mtu anayetaka kusamehewa kitandani. Nilifurahia sentensi hiyo. Yeye akatikisa kichwa taratibu, akarudi jikoni. Mayige akaondoka peke yake na baiskeli yake. Siku mbili baadaye tukasikia Nyanjige amezikwa.

Hatukuzungumza tena habari hiyo kwa miaka thelathini na saba. Alistaafu, nami nikastaafu. Alijenga chumba na sebule pale Bariadi, karibu na njia ya kwenda sokoni, akawa anauza maandazi asubuhi. Nilipita kwake mara kwa mara, tunalaumu serikali na magoti yetu.

Mwezi wa kumi mwaka 2023, kabla mvua hazijaanza, Mayige alikuwa anachimba msingi wa nyumba ya bati pale mji wa zamani Nkololo. Jembe likagonga kitu. Kilikuwa chungu, kimefunikwa kwa kigae na udongo mweusi umekishika pande zote. Ubavu ulipasuka kidogo. Mayige ni mtu wa ng'ombe na pamba, kanisani anakwenda Krismasi na masamva anayaheshimu mwaka mzima, maana wazee waliotutangulia kwake si habari ya vitabuni. Akaacha kuchimba papo hapo. Akakiinua na udongo wake, akakiweka ndani ya banda la pamba, akakifunika kwa kanga.

Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema chungu cha pacha hakiwezi kuikuta mvua kikiwa nje ya ardhi, na anayekirudisha lazima awe pacha aliyebaki, kwa mkono wake mwenyewe. Mayige akapiga simu Bariadi. Elizabeth akapiga simu kwangu.

"Wanataka nikamzike Kulwa," alisema. "Sitamzika mpaka nijue. Kama bibi alimuua, mimi kuweka mkono pale ni kumwambia ametenda vyema. Kama hakumuua, basi mimi nilimwacha afe ananiita. Nisaidie, Mwalimu. Wewe ulisomea mambo haya."

Mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa ziwa. Nikamwambia twende.

Tulifika Nkololo asubuhi kwa bodaboda mbili. Mayige alitupokea akipiga makofi ya heshima kwa dada yake. "Mwangaluka, mayu." Elizabeth akaitikia bila kumtazama, macho yakiwa bandani. Tukaingia. Kilikuwa chungu cha kawaida cha kupikia, kina masizi chini, si kikubwa. Nilikuwa nimetegemea kitu cha kutisha. Kwenye ule ufa niliona udongo mtupu, na Mayige akasema kuna kitu kingine amekitenga. Akafungua kitambaa: uzi wa shanga nyeupe, ndogo, umeoza, shanga kama ishirini hivi zimebaki, nyingine zimeganda na udongo. Mfupa hata mmoja hapakuwa. Mtoto wa wiki tatu, miaka sitini na minne katika ardhi ile ya mbuga, mngetegemea nini?

Nikaruka na zile shanga kama mjinga. "Unaona, Elizabeth? Mtu hamvishi shanga mtoto anayemuua. Huu ni upendo."

Alizitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hata ng'ombe wa masamva huvishwa shanga kabla ya kuchinjwa," alisema.

Mayige akaangalia chini. Ilikuwa kweli.

Tukaenda kwa shangazi yao, Minza, binti wa mwisho wa Nyanjige, nyumba ya tatu kutoka pale. Mwaka 1959 alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na ndiye mtu pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwepo. Ameokoka zamani, yuko kwenye kanisa la watu wachache wanaoimba sana. Tulimkuta anaanika viazi. Elizabeth akapiga goti, akamsalimu, akamuuliza moja kwa moja.

"Nilikuwa nachunga ndama," alisema Minza. "Niliporudi walikuwa wanaimba. Wakubwa wakiimba zile nyimbo, watoto tunafukuzwa."

"Lakini shangazi, kanisani kwenu ulishuhudia," Mayige alimwambia. "Ulisema mama yako alimtoa kafara. Watu wote Nkololo wanajua."

Mama huyu akaacha viazi. Akakaa juu ya kinu.

"Nilisema," alijibu. "Mchungaji aliniuliza, kwenu hakukuwa na kafara? Nikasema ilikuwepo. Wakashangilia, wakapiga vigelegele, wakaniombea. Mwaka uliofuata nikasema tena, nikaongeza kwamba mtoto alilia ndani ya chungu. Sasa nikilala namsikia analia." Akajifuta macho kwa kanga. "Doto, sijui kama nilimsikia siku ile au nilimsikia kanisani. Usiniulize tena. Mimi ni mzee."

Elizabeth alimshika mkono, hakumlaumu. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilikasirika na mchungaji, na vigelegele, na Minza wa watu aliyejitungia jinamizi mpaka likamlalia. Kisha nikakumbuka ukurasa wa kumi na saba nilivyokuwa nausoma darasani kwa sauti ya maigizo, na wanafunzi wakishtuka, nami nikipenda wanavyoshtuka.

Kesho yake nilikwenda misheni peke yangu. Elizabeth alikataa kukanyaga pale, alibaki Nkololo na chungu chake. Paroko wa sasa ni kijana, alinifungulia kabati la vitabu vya zamani na kuniletea chai. Kijitabu cha Kiswahili kilisema kimechukua habari kutoka barua na kumbukumbu za padre mwanzilishi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha kwamba twende kwenye chanzo cha kwanza, sikuwahi kwenda. Ilikuwa kilomita arobaini.

Barua niliiona kwanza, nakala ya kaboni, ya Kwaresima mwaka 1960, kwenda kwa wafadhili wa Ulaya. Inaomba maziwa ya unga. Ndimo ilimo habari yote: chungu, matusi, mtoto angali hai, na "tukamnyakua wa pili". Imeandikwa vizuri. Hata mimi ningetoa maziwa.

Halafu nikafungua daftari la kila siku. Ni Kiingereza, mwandiko wa kulala, mambo mafupi: bati limefika, punda ameugua, wakatekumeni tisa wa kubatizwa. Tarehe kumi na moja Juni 1959, miezi tisa kabla ya barua, padre yule yule aliandika hivi, natafsiri: "Bibi mmoja kutoka Nkololo amemleta mtoto mchanga, ametembea naye tangu jana. Mtoto ni dhaifu sana. Alikuwa na pacha. Ngeleja amemuuliza mwenzake amekufaje, bibi hasemi."

Ngeleja alikuwa katekista wake na mkalimani wake, mtu wa Sola, mgeni kwa ukoo ule kama mimi. Hasemi. Nilisoma neno hilo mpaka chai ikapoa. Padre hakuwepo Nkololo. Hakuna aliyenyakua mtoto, mtoto aliletwa kwa miguu. Na ile kusema kwamba bibi hasemi, ndani ya miezi tisa ilikuwa imeota chungu na nyimbo na uhai wa mtoto ndani yake. Nani aliongeza? Ngeleja alisikia sokoni? Padre alijaza mwenyewe ili maziwa yaje? Wote wamekufa.

Nikaendelea kufungua kurasa. Tarehe kumi na mbili: "Bibi wa Nkololo hajaondoka. Amekaa nje ya uzio." Kumi na tatu: "Ameondoka." Ishirini na nane: "Bibi wa Nkololo amekuja. Masista hawakumruhusu kumshika mtoto." Julai. Agosti, mara mbili. "Bibi amekuja tena." Septemba: "Bibi amekuja tena, ameleta mayai." Niliandika tarehe zote kwenye karatasi. Amekuja tena, amekuja tena. Tarehe kumi na tisa Novemba: "Bibi wa Nkololo amekuja. Nimemwagiza Ngeleja amwambie asije tena, anamtia mtoto majaribuni."

Katika ukurasa uliofuata bibi hayupo. Wala uliofuata huo.

Nilirudi Nkololo mchana, upepo una harufu ya mvua. Njiani juu ya pikipiki nilikuwa na wazo moja tu, na nalisema kwa kuwa nimeshaamua kusema yote. Elizabeth hasomi Kiingereza. Ningeweza kumwambia imeandikwa kwamba Kulwa alikufa kwa homa. Neno moja, ningelitia kwenye mdomo wa padre aliyekwisha oza, na mwanamke huyu angepumzika. Nani angenikosoa? Niliipanga hata sentensi yenyewe.

Walikuwa wamekaa nje ya banda, Elizabeth na Mayige na wazee wawili. Shimo lilikuwa tayari, nyuma ya mji, hatua chache kutoka lilipokuwa la kwanza. Nikakaa, nikamsomea karatasi yangu tangu tarehe kumi na moja Juni. Nikamweleza na barua, na maziwa, na Ngeleja.

"Imeandikwa hakumuua?" aliuliza.

Ile sentensi yangu ilikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama. Mara moja nilikuwa nimempa hakika isiyo yangu, mwaka 1986, na nikaona ilikomfikisha.

"Haikuandikwa," nikasema. "Wala haikuandikwa kwamba alimuua, siku ile. Imeandikwa hasemi."

"Aliniambia aliruka," alisema Elizabeth, kama anaongea na mtu mwingine.

"Ndivyo tunavyosema," mzee mmoja akamjibu. "Angesemaje vingine mbele yako?"

Elizabeth akageuka kwangu. Kisha akaniomba nisome tena zile siku alizokuja. Nikasoma. Alikuwa anakunja vidole. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili.

"Mara saba," alisema. "Kutoka hapa mpaka kule, kwa miguu. Na mara ya mwisho ni lini?"

"Tarehe kumi na tisa Novemba."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo wameandika mvua tu," nikamwambia.

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaingia bandani akatoka na chungu amekikumbatia, ule ufa ameuzuia kwa kiganja. Mayige akaweka zile shanga ndani. Wazee wakaanza wimbo, sauti zao kavu, matusi yakatoka moja baada ya jingine, na hakuna aliyecheka. Elizabeth alipiga magoti, magoti yale mabovu, akakishusha chungu polepole mpaka kikakaa.

Hapo ndipo alipoanza kulia. Kilio cha sauti kabisa, kilichomtoka tumboni, wimbo ukakatika. Mzee mmoja akasogea nyuma. Mayige akamshika bega kwa hofu.

"Dada, mwiko. Pacha haliliwi. Nyamaza, utajidhuru."

"Simlilii Kulwa," alisema Elizabeth, uso uko chini. "Namlilia bibi."

Hakuna mwiko wa kumlilia bibi. Mayige alimwachia bega, akachukua jembe, akaanza kufukia.